Mazungumzo ya Jamaa: Kijana wa Chumba cha Nyuma



Mama mmoja mjane alitujia na swali. Kwa miaka mingi aliuza samaki na unga sokoni ili mwanawe wa kwanza apate kusoma. Kijana akafaulu, akamaliza chuo, akapata kazi katika benki mjini. Mama akafurahi sana, akawaambia majirani wote: «Mwanangu sasa ni mtu wa benki.» Lakini siku alipokwenda kumtazama kazini hakumwona dirishani, wala mezani pa kupokelea watu. Mlinzi wa mlangoni akamwambia: «Huyo ni mtu wa kompyuta, yuko chumba cha nyuma.» Tena siku nyingine kijana arudi nyumbani alfajiri, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Siku nyingine simu yalia usiku wa manane, naye avaa viatu na kuondoka mbio. Basi mama akatuuliza: «Kazi gani hii isiyoonekana? Mwanangu hashiki fedha, haandiki barua, haonani na wateja. Je, ni mtu wa benki kweli, au ni mtengeneza mashine tu?»

Swali hili si la mama huyu peke yake. Siku hizi vijana wengi wetu wasoma ufundi wa kompyuta, na wengi watafuta kazi katika benki na katika kampuni za fedha za simu. Wazazi hulipa karo bila kujua vema mtoto aelekea wapi. Kwa hiyo leo tuizungumze kazi hii tangu ngazi yake ya chini hata ya juu, kwa mambo yaliyotukia kweli katika nchi mbalimbali. Mwishoni tutamjibu mama yetu.

Kazi hii ilianzaje?

Zamani hesabu za benki ziliandikwa katika vitabu vikubwa, na makarani walijumlisha na kutoa kwa mikono yao. Wateja walipokuwa wachache, kazi iliwezekana. Lakini baada ya vita vya pili vya dunia watu walizidi sana kufungua hesabu. Huko California, nchini Marekani, benki iitwayo Bank of America ilikuwa ikipokea wateja wapya maelfu kwa maelfu kila mwezi. Yapata mwaka 1950 matawi yake yalilazimika kufunga milango saa nane mchana, ili makarani wapate nafasi ya kumaliza maandishi ya siku. Wakubwa wa benki wakaona kwamba mambo yakiendelea hivyo, makarani wote wa nchi hawatatosha.

Wakawaomba wataalamu wa Stanford Research Institute wawatengenezee mashine ya kufanya hesabu. Mashine hiyo, iliyopewa jina la ERMA, ilionyeshwa watu mwaka 1955, na mwaka 1959 ikaanza kazi yake katika benki. Tena ni katika shughuli hiyo wateja walipopewa namba za hesabu zao, kwa sababu mashine hupanga namba vizuri kuliko majina. Namba ile uionayo leo katika kitabu chako cha benki ina asili ya namna hiyo.

Tangu hapo benki zote zilifuata njia hiyo. Leo sehemu kubwa ya fedha za benki si noti zilizofungwa sandukuni. Ni tarakimu zilizoandikwa ndani ya mashine. Mchana wateja huweka na kutoa. Jioni milango ikiisha kufungwa, mashine huanza kazi nyingine: hujumlisha mambo ya siku nzima, hukata ada, huongeza faida, hulinganisha vitabu vya benki hii na vya benki nyingine, na kutayarisha siku ya kesho. Kazi hiyo ikikwama saa tisa ya usiku, ni lazima mtu aamke aitengeneze kabla ya asubuhi. La sivyo, mwalimu atakayekuja kupokea mshahara wake ataambiwa kwamba hesabu yake ni tupu.

Mama yetu, sasa waona kwa nini simu ya mwanao yalia usiku.

Ngazi ya kwanza: kuangalia

Kijana mpya hapewi mara moja kazi kubwa. Kwanza hupewa kazi ya kuangalia: kuona kama mashine zawaka, kama karatasi zachapwa, kama karani fulani amesahau neno lake la siri. Vijana wengi hudharau ngazi hii. Wasema: «Sikusoma miaka mitano ili nije kutengeneza mashine ya kuchapa.» Basi na wasikilize habari ya mashine moja ya kuchapa.

Mabenki ya dunia hutumiana maagizo ya fedha kwa njia ya chama kiitwacho SWIFT, kilichoanzishwa nchini Ubelgiji mwaka 1973. Katika benki kuu ya Bangladesh, huko Dhaka, palikuwa na mashine iliyochapa kila agizo lililopita kwa njia hiyo, mchana na usiku. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 5 Februari 2016, wafanyakazi wa zamu waliikuta haichapi. Ijumaa kwao ni siku ya mapumziko, na mashine hiyo ilikuwa imewahi kuharibika. Wakadhani ni ubovu wa kawaida tu.

Kumbe wezi walikuwa wamekwisha kuingia katika kompyuta za benki kwa siri. Usiku uliotangulia walituma maagizo 35 kwa jina la benki hiyo, wakidai jumla ya dola milioni 951 kutoka katika hesabu yake huko New York. Mashine ilikuwa imenyamazishwa ili ushahidi usichapwe. Ilipotengenezwa ikaanza kutoa maswali yaliyotoka New York kuhusu maagizo hayo ya ajabu. Lakini sasa New York nako kulikuwa mapumziko ya mwisho wa juma. Na Jumatatu ilipofika, huko Manila, mahali fedha zilipopelekwa, palikuwa sikukuu. Wezi walikuwa wamezihesabu siku hizo zote. Dola milioni 81 zilifika Manila, zikapotelea katika nyumba za kamari. Gavana wa benki kuu alijiuzulu mwezi uliofuata.

Dola nyingine milioni 20 zilikuwa njiani kwenda Sri Lanka. Hizo ziliokolewa. Na ziliokolewaje? Katika jina la chama kilichoandikwa kuwa mpokeaji, neno moja lilikuwa limekosewa herufi. Watu wa benki iliyopitisha fedha hizo walilitazama neno lile, wakashuku, wakauliza. Mamilioni 20 yakarudi.

Vijana, yapimeni mambo haya mawili. Upande mmoja, mashine iliyonyamaza nao wakasema: «Ni kawaida.» Upande wa pili, herufi zilizokosewa nao wakasema: «Hebu tuulize.» Hapo ndipo kazi ya ngazi ya kwanza ilipo. Anayejifunza kuuliza sababu ya kila jambo dogo lisilo la kawaida, huyo amekwisha kuanza kupanda.

Ngazi ya pili: kuandika

Baada ya miaka kadhaa kijana aliye hodari hupewa kazi ya kuandika programu, yaani maagizo ambayo mashine huyafuata neno kwa neno. Mwaka 1959 wataalamu wa Marekani walikutana ili kutunga lugha moja ya maagizo itakayofaa kazi za hesabu na biashara. Wakaiita COBOL. Kwa sehemu kubwa waliifuata kazi ya bibi mmoja, Grace Hopper, aliyekuwa mwalimu wa hesabu na afisa wa jeshi la majini. Yeye alishika sana wazo lake kwamba maagizo ya mashine yaweza kuandikwa kwa maneno yanayosomeka, yasiwe alama tupu. Zaidi ya miaka 60 imepita, na benki kubwa nyingi bado zatumia programu zilizoandikwa kwa lugha hiyo. Kijana wa leo akiingia huko aweza kukuta kazi ya mtu aliyestaafu kabla yeye hajazaliwa.

Wazee wale walikuwa na shida moja. Nafasi ndani ya mashine ilikuwa ndogo na ghali mno. Kwa hiyo waliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu: 1965 ikawa 65. Walidhani programu zao hazitadumu. Lakini zilidumu. Mwaka 2000 ulipokaribia, watu waligundua kwamba mashine zikiona 00 zaweza kudhani ni mwaka 1900. Tuseme mtu alikopa mwaka 1995 ili amalize kulipa mwaka 2005. Mashine itatoa 95 katika 05, nayo itaona kwamba deni liliisha miaka 90 kabla halijaanza!

Basi mafundi wa mabenki ya dunia walifanya kazi kwa miaka kadhaa, wakisoma programu za zamani mstari kwa mstari na kuzirekebisha. Tarehe 1 Januari 2000 ilipofika, mambo makubwa hayakutokea. Watu wakawacheka: «Mbona mlitutisha bure?» Hawakufahamu kwamba amani ya siku ile ililetwa na kazi ya miaka mingi.

Wazazi, liwekeni jambo hili moyoni. Mwashi akijenga vizuri, watu huiona nyumba, humsifu. Fundi wa kompyuta wa benki akifanya vizuri, hakuna kitu cha kuona. Sifa hapati ila akikosea, nazo huwa sifa mbaya. Apendaye kutazamwa na kupigiwa makofi asiichague kazi hii.

Ngazi ya tatu: kutia kazini

Programu ikiisha kuandikwa na kujaribiwa, yabaki jambo moja: kuiweka katika mashine zinazohudumia watu. Wanaofanya hivyo wawe watu waliokomaa, kwa kuwa hapo kosa halikai tena chumbani. Hutoka nje siku hiyo hiyo.

Karibu na New York palikuwa kampuni iitwayo Knight Capital, iliyonunua na kuuza hisa kwa ajili ya watu wengine. Mwaka 2012 ilitayarisha programu mpya. Kompyuta kubwa zilizotakiwa kuipokea zilikuwa nane. Fundi aliiweka katika saba, ya nane ikasahauliwa. Hapakuwa na fundi wa pili wa kumkagua, wala kampuni haikuwa na amri iliyoandikwa ya kumtaka akaguliwe. Tena ndani ya kompyuta ile ya nane ilikuwamo programu ya zamani, ambayo kampuni iliacha kuitumia mwaka 2003. Hakuna aliyejisumbua kuiondoa.

Tarehe 1 Agosti 2012, saa tatu na nusu asubuhi, soko la New York likafunguliwa. Kompyuta ya nane ikaamka na programu yake ya kale, ikaanza kununua na kuuza bila kikomo. Katika dakika 45 kampuni ilifanya biashara zaidi ya milioni 4 isizozitaka, katika hisa za makampuni 154. Hasara ilizidi dola milioni 460. Kampuni iliyojengwa kwa miaka 17 ilitikiswa katika muda usiofika saa moja, na mwaka 2013 ikaunganishwa na kampuni nyingine. Mwaka huo huo wakubwa wa serikali wanaosimamia masoko ya hisa waliitoza dola milioni 12.

Lililo la kusikitisha zaidi ni hili. Kabla soko halijafunguliwa asubuhi ile, mashine zenyewe zilikuwa zimewatumia wafanyakazi barua 97 zilizotaja kosa hilo. Barua hizo hazikupangwa kuwa za maonyo. Kwa hiyo hazikutazamwa kwa wakati.

Je, tumlaumu fundi aliyesahau? Kila mtu husahau. Mama husahau chumvi, dereva husahau funguo. Ndiyo sababu kazi nzuri ya benki haitegemei kichwa cha mtu mmoja. Yataka macho manne: mmoja afanya, wa pili akagua, tena kwa karatasi iliyoandikwa kila hatua. Vijana wengine huchukia kukaguliwa, wakidhani wanashukiwa. La, wanalindwa. Mwenye kukaguliwa leo hulala vizuri usiku.

Ngazi ya nne: kuongoza

Wachache hufika juu, wakawa wakubwa wa kazi yote ya kompyuta katika benki. Hapo hawagusi tena mashine kwa mkono. Kazi yao ni kuamua, na hasa kusema «ndiyo» au «bado».

Huko Uingereza iko benki iitwayo TSB, ambayo mwaka 2015 ilinunuliwa na benki ya Kihispania, Sabadell. Ikabidi habari za wateja wake, watu zaidi ya milioni 5, zihamishwe kutoka katika mashine za zamani na kutiwa katika mashine mpya. Siku iliwekwa: mwisho wa juma wa tarehe 20 hadi 22 Aprili 2018. Habari zenyewe zilihama salama, lakini mashine mpya hazikuweza kuubeba mzigo. Wateja wapatao milioni 1.9 walizuiwa kufikia fedha zao. Wengine walifungua hesabu zao wakaona za watu wengine. Kulikuwa na watu walioshindwa kulipa kodi ya nyumba, na wenye biashara walioshindwa kulipa wafanyakazi. Mambo hayakurudi sawasawa kabisa ila mwezi wa Desemba.

Benki ilitoa paundi milioni 32.7 kuwafidia wateja. Mwaka 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza faini ya paundi milioni 48.65. Na mwaka 2023 wakamtoza faini mkubwa wa kompyuta mwenyewe, kwa jina lake, paundi 81,620 za mfukoni mwake. Kosa lake halikuwa wizi wala ulevi. Kampuni iliyopewa kutayarisha mashine ilimwambia kwamba iko tayari, naye hakufanya vya kutosha kuhakikisha kwamba maneno hayo yalikuwa kweli.

Hapo twaona uzito wa ngazi ya juu. Siku ikiisha kutangazwa, wakubwa wa benki wakingoja na gharama ikipanda, ni vigumu sana mtu mmoja asimame na kusema: «Mabwana, hatuko tayari.» Wataudhika. Huenda watamwita mwoga. Lakini yeye ndiye peke yake mezani pale anayejua hali ya mashine. Akinyamaza, atakayelipia ukimya wake ni mtu asiyekuwamo katika mkutano ule: mfanyakazi aliyengoja mshahara, mama aliyengoja fedha za dawa. Haraka haraka haina baraka, wazee walisema. Lakini kuijua methali si kazi. Kazi ni kuisema mbele ya wakubwa.

Kusikia watu

Msidhani kazi hii ni ya kuogopa makosa tu. Yaweza kuleta mema makubwa, fundi akijua kusikia.

Mwaka 2005, nchini Kenya, kampuni za Vodafone na Safaricom zilijaribu kazi mpya. Watu wachache waliokopa fedha walipewa njia ya kulipa mkopo wao kwa simu. Mtaalamu mmoja aliyetumwa kutoka Uingereza, bibi Susie Lonie, alikuwa miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo. Mafundi wakatazama watu wafanyavyo, wakaona jambo wasilolitazamia: watu waliitumia njia ile kutumiana fedha wao kwa wao. Fundi mwenye kiburi angesema: «Wanaitumia vibaya, tuwazuie.» Hao waliacha mpango wao wa kwanza, wakafuata haja ya watu. Mwezi wa Machi 2007 M-Pesa ikafunguliwa kwa wote, kazi yake kuu ikiwa kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2012 ikafika hata hapa kwetu Kongo.

Leo kijana aliye Lubumbashi aweza kumtumia mama yake wa kijijini fedha kabla jua halijatua, bila kumkabidhi dereva bahasha. Kumbukeni pia kwamba tangu mwaka 2011 na 2012 watumishi wengi wa Serikali yetu walianza kulipwa mishahara kwa njia ya benki. Yaani mambo ya New York na Dhaka si hadithi za mbali. Mama anayeweka akiba kwa likelemba aijua nyuso ya anayetunza fedha zake. Anayeweka akiba katika simu hamjui mtunzaji wake. Lakini mtunzaji yuko: ni kijana wa chumba cha nyuma.

Shauri kwa vijana

Kwanza, msisome kompyuta tu. Someni na hesabu za biashara: deni ni nini, faida ni nini, vitabu viwili hulinganishwaje. Asiyejua maana ya tarakimu anazozitunza hataona zikiharibika. Jifunzeni kuandika Kifaransa safi na Kiingereza cha kutosha, maana vitabu vingi vya kazi hii ni vya lugha hizo, na fundi asiyeweza kumweleza mkubwa hatari kwa maneno mepesi hatasikilizwa.

Pili, msiache kujifunza. Mliyoyasoma chuoni yatazeeka upesi. Mtu wa kazi hii ni mwanafunzi mpaka siku ya kustaafu.

Tatu, andikeni kila mnalotenda. Kumbukumbu ya mtu ni fupi, karatasi yakumbuka.

Shauri kwa jamaa

Sasa twarudi kwa mama yetu. Tulipokwisha kumweleza hayo yote alikaa kimya kidogo, kisha akasema neno ambalo hakulisema mwanzoni. Ndugu wa marehemu mume wake alikuwa amekuja nyumbani. Alimwomba kijana atazame katika mashine za benki, ajue mtu fulani ana kiasi gani, kwani mtu huyo amposa binti wa ukoo na jamaa yataka kujua kama ana mali. Kijana akakataa. Baba mdogo akakasirika, akaondoka akisema: «Tulimsomesha ili atusaidie, kumbe ametuletea kiburi cha benki.» Tangu siku ile hawasemezani. Na mama mwenyewe, moyoni mwake, alikuwa upande wa shemeji.

Tukamwambia: Mama, mwanao hakumvunjia heshima baba yake mdogo. Hesabu ya mtu ni kama nyumba yake. Fundi amepewa funguo za nyumba zote mjini, si kwa sababu ni zake, bali kwa sababu watu wamemwamini kwamba hataingia. Akiingia mara moja kwa ajili ya posa ya binti, kesho ataombwa aingie kwa ajili ya deni, keshokutwa kwa ajili ya kesi ya shamba. Tena mashine huandika kila aliyefungua na saa aliyofungua. Angefukuzwa, pengine angeshtakiwa, na jina la jamaa yenu lingeandikwa pamoja na lake. Na wewe mwenyewe una akiba yako kidogo pale ya biashara ya samaki. Je, ungependa mtoto wa jirani aifungue, amwambie mama yake kiasi ulicho nacho?

Hapo mama akacheka, akasema: «La, hata kidogo!»

Basi, wazazi, msaada wa jamaa kwa kijana wa kazi hii ni wa namna tatu. Mwacheni alale mchana akiwa amekesha, msimwite mvivu. Msimwombe siri za watu, wala msimtume awapitishie mikopo kwa mlango wa nyuma. Na akirudi siku moja na uso mzito, akawaambia: «Leo nimewaambia wakubwa kwamba kazi haiko tayari, wamenikasirikia», msimwulize kwanza kama mshahara utakatwa. Mpeni chakula, mwambieni amefanya vema.

Mama alirudi nyumbani. Alituambia kwamba atamtafuta shemeji yake yeye mwenyewe, amweleze, kabla ubaridi haujawa uadui. Na majirani wakimwuliza tena mwanawe afanya kazi gani, jibu analo sasa: «Analinda hesabu za watu usiku, na za kwenu zimo.»